Mtoto aliyesubiriwa miaka, na hofu za saa nane usiku

Saa nane usiku, nyumba nzima imelala isipokuwa mama. Amewasha tochi ya simu na kuielekeza ukutani isije ikammulika mtoto machoni, naye anahesabu pumzi. Mtoto ana siku 12. Anapumua harakaharaka, kisha ananyamaza sekunde tano, saba, nane, halafu anavuta pumzi moja kubwa na kuendelea na usingizi wake. Roho ya mama iko juu juu.

Anachokiona ni cha kawaida. Sehemu ya ubongo inayosimamia upumuaji wa mtoto mchanga haijakomaa bado, kwa hiyo pumzi zake hazina mpangilio: huenda mbio, husimama kwa muda usiofika sekunde kumi, huanza tena. Anayetaka kuhesabu ahesabu sawasawa. Mtoto awe ametulia, hanyonyi wala halii, na tumbo litazamwe linavyopanda na kushuka kwa dakika nzima. Pumzi 30 hadi 59 hazina neno. Zikifika 60, subiri kidogo uhesabu tena. Zikibaki palepale, au kifua kikibonyea ndani kila anapovuta hewa, au midomo ikiwa ya bluu, au akikata pumzi kwa sekunde 20, hiyo ni safari ya hospitali usiku huohuo.

Mzazi yeyote wa mtoto wa kwanza huchungulia kitanda namna hii. Ila kwa waliompata mtoto kwa upandikizaji mimba, hofu hii imepitia mafunzo. Kwa miezi, pengine miaka, walifundishwa kusoma dalili: sindano ya tumboni saa ileile kila jioni, ultrasaundi ya kutazama mayai yanavyokua, siku za kusubiri baada ya kiinitete kuwekwa kwenye mji wa mimba, kisha kipimo cha damu ambacho tarakimu zake ziliamua iwe kilio au shangwe. Wengine walishapoteza mimba njiani. Halafu mtoto yupo nyumbani, na hakuna tena anayepiga simu kutoka kliniki kutoa majibu. Mazoea ya kupima hayafi. Yanahamia kwa mtoto. Joto linaandikwa, dakika za kila ziwa zinaandikwa, rangi ya choo inapigwa picha.

Majirani nao wana lao. Wakisikia "mtoto wa chupa", na hasa wakisikia kwamba kiinitete kiliwahi kugandishwa, hawakosi wa kushauri afunikwe mablanketi matatu kwa kuwa ametoka kwenye friji. Ukweli ni kwamba yai na mbegu hukutanishwa kwenye kisahani cha maabara, na kiinitete hukaa humo siku tatu hadi tano tu. Kinachogandishwa huhifadhiwa kwenye naitrojeni ya majimaji, nyuzi 196 chini ya sifuri, kikiwa bado kifungu kidogo cha seli kisicho na damu wala ngozi ya kuhisi baridi. Miezi yote iliyobaki hulelewa tumboni kama mtoto mwingine yeyote. Mablanketi matatu ndiyo yenye hatari, kwa sababu mtoto hupata joto kupita kiasi na nguo huweza kumziba pua. Alazwe chali, kwenye godoro lisilobonyea, bila mto wala blanketi zito karibu na uso. Ushauri wa kumlaza chali ulipoenezwa Uingereza na Marekani miaka ya 1990, vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu.

Louise Brown, wa kwanza kuzaliwa kwa njia hii, alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978. Leo ni mtu mzima mwenye watoto wake, waliotungwa bila msaada wa maabara. Duniani wamefuata wengine zaidi ya milioni kumi. Kenya ilipata wake wa kwanza mwaka 2006. Idadi hiyo ya mamilioni imewapa watafiti nafasi ya kutosha ya kulinganisha. Walio wengi wana afya sawa na wenzao. Lakini si haki kuwaambia wazazi kwamba hakuna tofauti yoyote. Uwezekano wa kuzaliwa kabla ya wakati, kuwa na uzito mdogo au kuwa na kasoro ya kuzaliwa nayo umepanda kidogo, na sehemu ya ongezeko hilo inaonekana kutokana na matatizo yaliyowazuia wazazi kupata mimba tangu mwanzo. Tofauti kubwa huja kwa mapacha, ambao ni wengi pale vinapowekwa viinitete viwili au zaidi kwa mpigo.

Kwa hiyo swali la maana la kujiuliza ni mtoto alizaliwa wiki ya ngapi. Namna alivyotungwa haina uzito huo. Aliyezaliwa wiki ya 34 alikuja wiki sita kabla ya wakati. Akitimiza miezi mitatu, umri wa kumpimia maendeleo, kama kutabasamu au kukaza shingo, ni mwezi mmoja na nusu hivi, na hesabu hiyo hutumika hadi karibu miaka miwili. Wazazi wengi huumia bure kwa kumlinganisha na mtoto wa shangazi aliyezaliwa wiki hiyohiyo akiwa ametimiza miezi yake. Chanjo, kwa kawaida, hufuata tarehe ya kuzaliwa. Hazisubiri mtoto "afikie" wenzake.

Mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wakati, hupoteza joto haraka, na dawa yake ni kifua cha mzazi. Njia ya kangaruu, mtoto kuvuliwa nguo na kubaki na nepi na kofia huku amelazwa ngozi kwa ngozi, ilianzishwa Bogotá, Kolombia, na Dakta Edgar Rey mwaka 1978, mwaka uleule wa Louise Brown. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri ianze mara tu baada ya kuzaliwa, kwa saa 8 hadi 24 kwa siku. Na kifua cha baba kinafaa pia, jambo ambalo akina baba wengi husubiri waambiwe.

Maziwa ni uwanja mwingine wa machozi. Mama ambaye mwili wake ulikataa kushika mimba huamini upesi kwamba utakataa na kunyonyesha. Mwili hauendi hivyo. Kinachofungulia maziwa ni kutoka kwa kondo la nyuma: homoni ya projesteroni hushuka ghafla, na prolaktini iliyokuwa imezuiwa hupata njia. Ni kweli kwamba upasuaji unaweza kuyachelewesha, na baadhi ya wanawake wenye uvimbe mdogomdogo kwenye ovari au matatizo ya tezi ya shingo hutoa kidogo; hao wanahitaji mkunga wa kuwasaidia mapema, bila lawama. Kipimo cha kuaminika ni nepi. Kuanzia siku ya tano hivi, nepi sita au zaidi zilizolowa mkojo kwa siku zinaonyesha kwamba maziwa yanaingia. Mtoto kupungua uzito siku za kwanza, hadi asilimia 7 au hata 10, hutokea, na wengi huurudisha kabla ya wiki mbili kuisha. Katika miezi sita ya kwanza hahitaji maji wala dawa ya chango, hata bibi akija nayo kutoka kijijini kwa upendo wote.

Dawa ya chango hutolewa kwa sababu ya kilio. Mwaka 1962 Dakta Berry Brazelton wa Marekani alichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto wenye afya: kilio kiliongezeka wiki baada ya wiki hadi kufika karibu saa tatu kwa siku kwenye wiki ya sita, kisha kikapungua. Kwa maneno mengine, mwezi wa pili ndio mgumu, na mzazi anayedhani anazidi kuharibu yuko katikati ya mlima tu.

Zipo dalili zisizosubiri asubuhi kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, pamoja na zile za pumzi: kukataa kunyonya, degedege, kulegea hadi asitikisike pasipo kuguswa, joto la kwapani la nyuzi 37.5 au zaidi ama chini ya 35.5, manjano inayotokea ndani ya saa 24 za kwanza au iliyofika viganjani na nyayoni. Chafya, kwikwi, kucheua maziwa kidogo na utosi unaodunda havimo.

Mama mwenyewe anatazamwa na nani? Aliyepewa mtoto baada ya miaka ya kuomba hujiona hana ruhusa ya kulalamika, na akithubutu huambiwa: "Si ulimtaka mwenyewe?" Machozi ya siku za kwanza huisha ndani ya wiki mbili. Yakizidi hapo, au akiwa hapati usingizi hata mtoto akilala, au haoni raha ya kitu chochote, huo ni ugonjwa unaotibika. Lipo dodoso la maswali kumi lililotungwa Edinburgh mwaka 1987, linalotumika kliniki nyingi duniani. Mhudumu asipouliza, mama aseme mwenyewe.

Na kuna jambo ambalo wenzi hawa hawalitarajii kabisa: mimba isiyopangwa. Uchambuzi wa University College London (UCL) uliochapishwa 2023 ulionyesha kwamba angalau mwanamke mmoja kati ya watano hupata mimba bila matibabu baada ya kujifungua mtoto wa upandikizaji. Wengine watafurahi. Aliyejifungua kwa upasuaji miezi minne iliyopita, akiwa na mapacha mkononi, huenda asifurahi, na wataalamu hushauri miaka miwili kati ya kujifungua na mimba inayofuata. Siku ya chanjo za wiki ya sita, kabla ya kufunga kijitabu cha kliniki, muulize muuguzi kuhusu uzazi wa mpango, hata kama atakutazama kwa mshangao.