Beetle yako haiwaki? Usikimbilie betri

Kuna sentensi ambayo karibu kila kijana mwenye gari la kale hapa Nairobi ameisikia: "Boss, hiyo ni betri tu." Fundi hajafunua chochote, hajashika hata waya mmoja, lakini jibu analo tayari. Unatoa elfu tisa, unawekewa betri mpya, gari linawaka mara moja na kila mtu anacheka. Wiki tatu baadaye uko kando ya Ngong Road, shati jeupe, unatafuta watu wa kukusukuma.

Mara nyingi betri ndiyo inayoumizwa tu. Mwenye kuiumiza yuko kwingine: dainamo isiyotoa chaji, regyuleta iliyochoka, waya ulioshika kutu, au kitu fulani kinachofyonza stima usiku wewe ukiwa umelala. Ukiweka betri mpya bila kumtafuta huyo, umemletea mwizi mali nyingine aibe.

Haya mambo zamani yalikuwa ya wazee wenye nafasi zao, wale wa kung'arisha gari na kulipeleka Concours d'Elegance pale Racecourse mara moja kwa mwaka. Siku hizi kuna vijana waliorithi Beetle ya babu na wanaikodisha kwa arusi, video za muziki na picha za mahafali. Beetle safi yenye namba ile ya zamani isiyo na herufi mwishoni inaweza kumlipia mtu kodi ya nyumba. Lakini ikikataa kuwaka Jumamosi saa mbili asubuhi, bibi arusi hakungoji. Anaitiwa gari lingine, na wewe unarudisha pesa za watu.

Kwa hivyo tuelewane kwanza hii kitu inavyofanya kazi. Gari likiwa limezimwa, stima yote inatoka kwa betri. Injini ikishawaka, dainamo au altaneta inazungushwa na fanbelti, inalisha taa na koili ya plagi, na kile kinachobaki kinarudi kujaza betri. Regyuleta ndiyo askari wa hapo katikati, inazuia volti zisipite kiasi. Dainamo ndiyo teknolojia ya kitambo, na Beetle nyingi zilikuja nayo hadi miaka ya katikati ya 1970, altaneta ilipoingia. Beetle za kabla ya modeli ya 1967 nyingi ni za volti 6. Hesabu zangu zote hapa ni za volti 12, kama yako ni ya 6 basi gawa namba za volti kwa mbili.

Sasa nenda Luthuli Avenue ununue mita ya stima. Ile ya bei ya chini kabisa haifiki elfu moja na inatosha. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na sheria ya Ohm nikaiacha huko huko, lakini kusoma namba kwenye kioo hakuhitaji cheti.

Pima asubuhi, gari likiwa limelala usiku mzima. Kwenye Beetle betri iko chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. (Ukiwa hapo, angalia kama ina kifuniko. Springi za kiti zikibonyezwa na abiria mzito zinaweza kugusa vichwa vya betri, na kuna Beetle zilizoungua hivyo. Kipande cha raba kinaokoa gari zima.) Betri iliyojaa inasoma kama volti 12.6. Ikisoma 12.2 iko nusu. Chini ya 12, usiilaumu kwa kushindwa kuzungusha stata, haina kitu.

Kisha washa injini na ushikilie mwendo wa wastani, si ule wa kunguruma taratibu. Pima pale pale kwenye betri. Ukiona kati ya 13.8 na 14.5, chaji inaingia, na tatizo lako liko kwingine. Namba ikikaa 12 na kitu, chaji haiji. Ikipita 15, regyuleta imeachilia, betri inachemka, na utajua kwa harufu ya asidi na maji yanayoisha kila wiki. Hapo hata ukinunua betri ya bei gani, itapikwa tu.

Hicho kipimo kinachukua dakika tano. Ninachojiuliza kila siku ni kwa nini watu wanatoa maelfu kabla ya kukifanya.

Nina rafiki mwenye Beetle ya kukodisha ambaye alinunua betri mbili ndani ya miezi mitano. Gari lilikuwa linazungusha stata kwa unyonge, kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Mafundi wawili tofauti walisema betri. Wa tatu alisema stata, akataka elfu kumi na mbili. Siku moja tukaelekezwa kwa mzee mmoja mwenye gereji ndogo karibu na Kirinyaga Road, mzee wa koti la kaki ambaye hizo gari alizishika zikiwa mpya. Hakuuliza betri ilinunuliwa lini.

"Kijana wangu, piga stata mara tatu, usiwashe," akamwambia rafiki yangu.

Akapiga. Mzee akainama nyuma kwenye injini, akashika kebo ya akseleta kwa vidole viwili, halafu akaniita. "Hebu guza hapa."

Ilikuwa na joto. Kebo ya akseleta, kitu kisichohusika na stima hata kidogo!

"Sasa niambie, mzee, kebo inapataje moto?" rafiki yangu akauliza.

"Stima ikienda lazima irudi. Ikikosa barabara yake, inapita kwa shamba la jirani."

Injini ya Beetle imekaa kwenye raba pamoja na giaboksi, kwa hivyo haigusani vizuri na bodi. Kinachoziunganisha ni mkanda mmoja wa waya uliosukwa, umefungwa mbele ya giaboksi, chini kabisa kwenye matope na maji. Ule wa rafiki yangu ulikuwa umeliwa na kutu hadi nyuzi chache. Stima ya stata ilikuwa inarudi kupitia kebo ya akseleta, na hata chaji ilikuwa inategemea njia hiyo hiyo mbovu. Tukaweka mita, waya mmoja kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye chuma cha injini, stata ikizunguka: volti 2.1 zinapotea njiani. Hapo hutakiwi kuona hata nusu volti. Mzee alifungua mkanda ule, akakwangua chuma hadi kikang'aa, akafunga mpya. Pesa iliyotoka haikufika hata robo ya bei ya betri moja. Zile betri mbili zilikuwa nzima muda wote.

Kipimo hicho kinafaa gari lolote la kale, iwe Pijo 504, Datsun au Land Rover. Hasi ya betri hadi injini, na chanya ya betri hadi pale chaji inapotokea. Waya wa miaka hamsini unaweza kuonekana mzuri kwa nje huku ndani umegeuka kijani.

Turudi kwa taa nyekundu kwenye dashibodi, maana hapa Beetle ina tabia yake. Kwenye gari hili, feni ya kupoza injini imefungwa kwenye shafti ile ile ya dainamo. Hakuna rediata, hakuna maji. Fanbelti ikikatika, chaji inakufa na upepo wa kupoza unakufa sekunde hiyo hiyo. Kwa hivyo taa nyekundu ikiwaka ukiwa Thika Road, usijiambie "nitafika tu nyumbani." Simama kando, zima, nenda nyuma ukaangalie. Belti ikiwa imekatika na ukaendelea, hutakuwa unaongelea betri tena, utakuwa unaongelea injini. Fanbelti ya ziada na spana ya 21 zikae kwenye gari siku zote. Ukibonyeza belti kwa kidole gumba ishuke kama sentimita moja na nusu. Inakazwa kwa kutoa washa katikati ya vipande viwili vya puli, na zile ulizotoa zinawekwa nje ya puli ili zisipotee.

Taa hiyo ikimweka-mweka injini inaponguruma taratibu kwenye jam, halafu ikazima ukikanyaga mafuta kidogo, tulia. Dainamo haitoi kitu cha maana mwendo ukiwa chini. Na usiipuuze balbu yenyewe. Kwenye altaneta nyingi za zamani, stima inayoiamsha inapita kwenye hiyo balbu. Ikiungua, altaneta nzima kabisa inaweza kukaa bila kuchaji, na utauziwa nyingine kwa sababu ya kabalbu. Ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini, taa nyekundu lazima ionekane. Isipoonekana, anza hapo.

Jam ndiyo adui mkubwa wa hizi gari mjini, na sisi wenyewe tunaiongezea nguvu. Dainamo ya Beetle ya volti 12 inatoa ampea 30 ikikimbia vizuri. Taa mbili za mbele za wati 45 zinakula ampea saba na nusu. Ongeza koili, taa za nyuma, waipa za mvua, umefika kama 15. Halafu mtu anafunga amplifaya ya wati 200, ambayo peke yake inataka karibu 17. Mkikaa jam saa moja usiku, muziki juu na mwendo wa konokono, betri ndiyo inayolipa deni. Gari la 1970 halikuundwa kuwa klabu.

Kama vipimo vyote viko sawa lakini gari likikaa wiki mbili halina kitu, kuna kinachofyonza. Zima kila kitu, fungua waya wa hasi, uweke mita katikati kwenye tundu la ampea 10. Usithubutu kupiga stata mita ikiwa hapo, utaichoma. Gari lisilo na kompyuta linafaa kusoma karibu sufuri. Trakka, alamu na redio ya kisasa ndizo washukiwa. Kitu kinachokula ampea 0.05 tu kinamaliza ampea-saa 1.2 kwa siku, na kwa wiki mbili ni karibu 17. Betri ndogo ya 45 hapo imebaki na kama 28, na asubuhi ya baridi ya Julai hiyo ni shida. Toa fyuzi moja moja ukiangalia namba. Itakaposhuka, umemkamata.

Kuna mchezo mmoja ambao ukiona fundi anaanza kuufanya, mshike mkono: kufungua kichwa cha betri injini ikiwa imewaka "tuone kama itazima." Kwa altaneta, volti zinaruka ghafla na zinaweza kuunguza dayodi na regyuleta papo hapo. Unakuja na tatizo la waya, unaondoka na tatizo la altaneta.

Dainamo ina kipimo chake salama. Toa fanbelti, fungua nyaya za D+ na DF, unganisha DF na bodi ya dainamo, kisha ipe D+ volti 12 kutoka kwa betri kwa sekunde chache. Ikizunguka yenyewe kama mota, iko hai, kamtafute mchawi kwa regyuleta na nyaya. Isipozunguka, angalia brashi kabla ya kukubali kuuziwa nyingine. Zikiisha hazigusi vizuri, na kuzibadilisha ni kazi ya asubuhi moja.

Wengine wanachoka na hii hadithi yote wanafunga altaneta ya ampea 50 au 55. Mimi naona ni sawa kabisa kwa gari la kazi, la kukaa jam na kubeba maarusi hadi usiku. Wapenzi wa uhalisi watakununia, na kama unataka kushindana pale Racecourse basi wana haki. Ila kumbuka altaneta mpya ikifungwa kwenye waya mzee na mkanda wa erthi uliooza itakufikisha pale pale kando ya barabara. Safisha njia za stima kwanza, halafu ndiyo uongeze nguvu.