Amepandikizwa figo, mbona bado amechoka?

Siku mama anaporudi kutoka hospitali, ndugu hujaa sebuleni. Pilau hupikwa, dua husomwa, na kila anayeingia husema: hongera, sasa umepona. Miezi mitatu baadaye mama huyohuyo akifua nguo mbili tatu anakaa chini. Mawifi wanaanza kunong'ona kwamba anadeka.

Tangu Muhimbili ipandikize figo kwa mara ya kwanza nchini Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma kufuata mwaka 2018, sisi waandishi tumeandika sana kuhusu gharama na safari za India. Habari zetu nyingi, zangu zikiwemo, huishia mgonjwa anapotoka wodini.

Ni kweli figo mpya humwondoa mgonjwa kwenye mashine ya kusafisha damu, ambako wengi hukaa saa nne, mara tatu kwa wiki. Lakini uchovu una vyanzo vyake. Figo ndiyo hutoa homoni inayouambia uboho utengeneze chembe nyekundu za damu, na kazi hiyo huchukua muda kurejea. Baadhi ya dawa za kuzuia mwili usiikatae figo, kama maikofenoleti, nazo huweza kupunguza damu. Kwa mwanamke kuna la ziada: hedhi iliyokuwa imekatika wakati wa ugonjwa mara nyingi hurudi, na madini ya chuma huondoka nayo. Prednisoloni hukosesha usingizi na kudhoofisha misuli. Takrolimasi huweza kutetemesha mikono na kupandisha sukari.

Kwa hiyo akisema amechoka, huo si uvivu. Aombe apimwe wingi wa damu, madini ya chuma na sukari, na aulize kama prednisoloni anaweza kuinywa asubuhi.

Uchovu wa moyo ndio hausemwi. Hapa kwetu figo hutoka kwa ndugu aliye hai, pengine dada wa tumbo moja mwenye kovu ubavuni. Utamlalamikiaje mtu kama huyo? Mama ananyamaza, analia bafuni, na kila siku ya majibu ya kriatini halali. Prednisoloni yenyewe pia huweza kuvuruga hisia, kwa hiyo huzuni hiyo daktari anapaswa kuisikia kama anavyosikia habari ya homa. Ikidumu wiki mbili mfululizo, asingoje tarehe ya kliniki.

Halafu kuna kioo. Uso umevimba na kuwa mviringo, chunusi zimetoka, na jirani anauliza kama ana mimba. Hapo ndipo wengine huanza kuruka dozi kimyakimya, na hili ndilo linalonitisha kuliko yote. Mwili unaweza kuanza kuikataa figo bila maumivu yoyote, na mama akajua tu vipimo vinapoharibika. Dozi hupunguzwa na daktari peke yake, na mara nyingi huipunguza kadiri miezi inavyokwenda.

Swali la mtoto nalo haliko mbali, hasa mama mkwe akiwapo. Inawezekana: Mmarekani Edith Helm alipewa figo na pacha wake mwaka 1956, akajifungua mwaka 1958. Ila madaktari hushauri kusubiri angalau mwaka mmoja, na maikofenoleti iachwe, kwa maelekezo yao, wiki sita au zaidi kabla ya kutafuta mimba, kwa sababu huharibu ujauzito. Uwezo wa kushika mimba unaweza kurudi ndani ya miezi michache, kwa hiyo mazungumzo ya uzazi wa mpango yaanze mapema.

Baba, siku ya kliniki nenda naye. Mweleze daktari unayoyaona nyumbani: amelala saa ngapi, ameacha kula nini, amekaa siku ngapi bila kucheka. Yeye akiulizwa anaendeleaje, atajibu kwamba anaendelea vizuri.