Ruta ya Pili Ivuliwe Cheo

Boma la Mweiga, kando ya barabara ya Nyeri kwenda Nyahururu, mara nyingi lina nyumba zaidi ya moja: ya wazazi mbele, ya kijana nyuma, nyingine za mawe, nyingine za mabati. Intaneti huingia katika nyumba moja tu, iwe kwa faiba au kwa laini ya simu, na waifai hufifia uani. Mawe hupunguza mawimbi ya redio. Mabati huyarudisha yalikotoka. Wengi hukimbilia dukani kununua kifaa cha kuongeza nguvu, ilhali ruta ya zamani imelala kabatini. Inaweza kugeuzwa daraja, mradi ikubali kuacha ukubwa.

Ukubwa wenyewe ni kugawa anwani. Ruta kuu huipa kila simu na kompyuta anwani yake kwa huduma iitwayo DHCP. Ya pili ikiendelea kugawa zake, simu hii itafuata huku, ile kule, na printa ya sebuleni isionekane chumbani. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Basi zima DHCP kwenye ruta ya pili, uipe anwani isiyogongana na nyingine, tuseme 192.168.1.2 ikiwa kuu ni 192.168.1.1, kisha uchague hali ya daraja, ambayo menyu nyingi huiita WDS, kwa chaneli ile ile na neno la siri lile lile. Hapo ndipo wengi hukwama. WDS haikupata kanuni moja ya kuwabana watengenezaji wote, kwa hiyo ruta za kampuni mbili huenda zisielewane, na zile zinazotolewa na kampuni za intaneti mara nyingi zimefungwa mipangilio. Ruta inayokubali OpenWrt, mfumo huria uliochipuka kwenye msimbo wa ruta ya Linksys WRT54G, ina nafasi kubwa zaidi. Iwekwe dirishani panapotazamana na nyumba kuu, ambapo mawimbi bado yana nguvu, wala si katika kile chumba ambacho tayari hakipati kitu.

Wapo wanaosema daraja hukata kasi nusu. Ni kweli kwa simu zinazoitumia kwa waifai, maana redio moja haiwezi kupokea na kutuma kwa wakati mmoja. Lakini kiungo kinachobeba megabiti 40 kwa sekunde kikibaki na 20, mwenye kifurushi cha 10 hajapoteza kitu. Na kompyuta iliyochomekwa kwa kebo kwenye ruta hiyo haiguswi na hasara hiyo. Hoja ya usalama ni nzito zaidi: ruta isiyojua WPA2, kanuni ya usalama wa waifai iliyoanza mwaka 2004, itupwe tu. Kwa nini basi tusichimbe mtaro tupitishe kebo? Kwa kasi na utulivu, kebo hushinda, nayo hufika mita 100. Ila kebo ya shaba kati ya nyumba mbili hualika radi kuingia kwenye vifaa vya pande zote mbili, na chini ya milima ya Aberdare hilo si jambo la kupuuza.