Stesheni Iliyopewa Jina la Hekalu

Kituo cha basi hupataje jina? Mara nyingi hupewa jina la kitu kinachojulikana na watu wote. Penye msikiti pataitwa Msikitini. Penye mwembe mkubwa pataitwa Mwembeni. Mgeni akiulizia, hapotei.

Ndivyo ilivyokuwa katika jiji la Delhi, nchini India. Huko kuna hekalu kubwa, yaani nyumba ya ibada ya Wahindu. Jina lake ni Akshardham. Lilifunguliwa mwaka 2005, karibu na mto Yamuna. Limejengwa kwa mawe ya rangi ya waridi na marumaru nyeupe. Kuta zake zimechongwa sanamu za watu, wanyama na maua. Mwaka 2009 treni ya mjini ilipofika hapo, stesheni nayo ikaitwa Akshardham.

Stesheni hii haiko chini. Reli imepitishwa juu ya nguzo nene za zege, na magari hupita chini yake. Kwa nini ijengwe juu? Jiji limejaa watu. Reli ikiwekwa barabarani, itazuia magari. Kuchimba njia ndani ya ardhi nako ni gharama kubwa zaidi. Basi abiria hupanda kwa ngazi au kwa lifti. Treni yenyewe haitoi moshi, kwani huendeshwa kwa umeme unaotoka kwenye waya ulio juu yake.

Sasa angalia jambo hili. Njia hii hutambulishwa kwa rangi ya buluu. Ukitoka katikati ya jiji utavuka mto na kufika stesheni ya Yamuna Bank. Hapo njia inagawanyika. Moja inakwenda Noida, nyingine inakwenda Vaishali. Zote mbili ni za buluu! Treni ya Noida ndiyo inayopita Akshardham. Ya Vaishali itakupeleka kwingine kabisa. Rangi haitakusaidia. Lazima usome jina lililoandikwa mbele ya treni, au kwenye ubao wa stesheni. Maandishi ni ya Kihindi na Kiingereza. Tafuta neno Noida, kisha panda. Stesheni inayofuata ndiyo yako.

Ukishuka, utaliona hekalu kwa macho. Utakwenda kwa miguu. Simu na mifuko huachwa nje, na kuingia ni bure. Lakini usiende Jumatatu. Siku hiyo treni husimama kama kawaida, ila hekalu hufungwa.