Kabla Hujatuma Ile Elfu Ishirini ya Kushikiwa Gari

Umeona tangazo la Toyota Fielder. Picha ni safi, na bei iko chini kidogo ya zile ulizoona kwingine. Unapiga simu. "Boss, gari iko, lakini kuna mtu anakuja kuichukua saa tisa. Nitumie elfu ishirini nikushikie."

Hapo ndipo wengi hupoteza pesa, hata kabla ya kuona gurudumu. Ukishatuma kwa hiari yako, kwa namba uliyoiandika mwenyewe, kuzirudisha si rahisi. Huduma ya kurudisha muamala iliwekwa kwa ajili ya aliyekosea namba, si aliyepatia namba ya mtu mbaya.

Kwa hivyo anza na karatasi, hata kama moyo unataka kuanza na injini.

Gari ni la nani?

Muulize muuzaji namba ya usajili tu. Ukiwa nayo, ingia eCitizen upande wa NTSA na uombe rekodi za gari. Ada ni kama KSh 550, na inalipwa kwa paybill ya serikali, 222222, si kwa namba ya mtu anayedai ana rafiki NTSA. Rekodi itakuonyesha mwenye gari, namba ya chasisi, namba ya injini, rangi na mwaka wa kutengenezwa.

Chukua jina hilo ulilinganishe na kitambulisho cha anayekuuzia, kisha na jina linalotokea kwenye simu kabla hujaweka PIN. Yote matatu yawe ya mtu mmoja. Ukiambiwa utume kwa namba ya mke, ya shemeji au ya broka, uliza kwa nini, na usitume hadi upate jibu linaloeleweka. Broka si mwizi kwa sababu ni broka, lakini gari si lake. Na ukinunua kwa yadi, lipa kwa till au paybill yenye jina la biashara, si kwa simu ya kijana aliyekuzungusha kuona magari.

Kuna jina lingine la kutafuta: la mkopeshaji. Watu wengi huchukua mkopo kwa kuweka logbook, na deni likiwa halijaisha, mara nyingi jina la mkopeshaji husimama pamoja na la mwenye gari. Shida ni kwamba fotokopi unayoonyeshwa inaweza kuwa ya kabla ya mkopo. Ndiyo maana rekodi uliyotoa wiki hii ina thamani kuliko karatasi iliyokunjwa mfukoni mwa mtu. Tangu sheria ya 2017 kuhusu dhamana ya mali inayohamishika, wakopeshaji pia husajili madai yao kwenye rejista maalum, nayo unaweza kuipekua kupitia eCitizen. Ukinunua gari lenye deni, mkopeshaji anaweza kulifuata hadi kwako, na wewe ubaki ukimpigia aliyekuuzia simu isiyoshikwa.

Kama mwenyewe ameaga, wanaouza wawe na stakabadhi za mahakama za kusimamia mirathi. Bila hizo, ondoka.

Likute likiwa baridi

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Kama lina joto, huenda kuna ugumu wa kuwaka asubuhi ambao hataki uuone. Likiwashwa, simama nyuma. Moshi wa samawati ni mafuta ya injini yanaungua. Moshi mweupe usioisha hata injini ikishapata moto huenda ni maji yanaingia pasipofaa. Injini ikiwa bado imezimwa, fungua pia kifuniko cha oili: ukikuta utando kama chai ya maziwa, maji na oili vimekutana, na hapo gharama ni kubwa.

Soma namba ya chasisi kwenye gari lenyewe, si kwenye picha, na uilinganishe na rekodi tarakimu kwa tarakimu. Ukiona alama za tupa au welding karibu nayo, usiendelee.

Usiamini sana namba ya kilomita kwenye dashibodi, kwa sababu hurudishwa nyuma. Tazama pedali, usukani na kiti cha dereva. Gari la kilomita elfu sitini halina pedali iliyolika hadi kuwa laini. Viti vya nyuma vilivyochoka kuliko vya mbele huenda vinakuambia lilikuwa teksi.

Baada ya mafuriko ya 2024, kagua maji pia. Vuta mshipi wa usalama hadi mwisho utafute mstari wa matope, inua zulia, angalia kutu kwenye nati za viti. Harufu nzito ya pafyumu ndani ya gari nayo ina sababu.

Fundi awe wako, si wa muuzaji. AA ya Kenya pia hukagua magari kwa ada.

Siku ya kulipa

Kwa simu, muamala mmoja hauzidi KSh 250,000 na siku nzima KSh 500,000. Kwa hivyo malipo mengi ya gari humalizikia benki. Kutaneni hukohuko. Andikeni mkataba wenye majina, namba za vitambulisho, namba ya chasisi, bei, na msimbo wa kila muamala uliokwisha tumwa. Muuzaji aanzishe uhamisho wa umiliki kwenye akaunti yake ya eCitizen nawe ukubali kwenye yako, mkiwa mmeketi pamoja. Hahitaji nywila yako wala PIN yako kufanya hivyo. "Nitatransfer Jumatatu" haitoshi kukufanya umalize kulipa Ijumaa.

Kisheria una siku 14 tangu gari libadilishe mikono. Zikipita bila wewe kusajiliwa kama mwenyewe, hufai kuliendesha barabarani. Bima ya muuzaji nayo haikufuati, kwa hivyo uwe na yako kabla hujatoa gari hapo.