Moto wa jikoni (sehemu ya tatu): Mtambo unapofyatuka usiku wa kusafisha hudi

Katika sehemu mbili zilizopita tuliona kwa nini mafuta ya kupikia yanayowaka hayazimwi kwa maji, na jinsi hudi, kile kibanda cha bati kinachovuta moshi juu ya majiko ya hoteli, kinavyonasa mafuta siku baada ya siku. Leo tunaingia katika mkasa ambao mameneja huusimulia kwa hasira na wasafishaji huunong'ona: mtambo wa kuzima moto kufyatuka pasipo moto, hudi ikiwa inasafishwa.

Tuanze na mtambo wenyewe. Nyuma ya filta za hudi hupita waya mwembamba wa chuma uliokazwa, na katikati ya waya huo hutungwa viungo vidogo. Kila kiungo ni vibati viwili vilivyoshikanishwa kwa lehemu inayoyeyuka kwenye joto maalumu: nyuzi 74 za Selsiasi, 100, 138, 182, 232 au 260, kutegemea joto la kawaida la mahali kinapofungwa. Moto ukipanda, lehemu huyeyuka, vibati huachana na waya hulegea. Katika kisanduku cha ukutani, springi iliyokuwa imezuiwa na mkazo wa waya huo huachiwa, kwa kanuni ileile ya mtego wa panya. Springi hutoboa chupa ndogo ya naitrojeni au kabonidioksidi, gesi husukuma dawa kutoka kwenye tangi, na dawa humwagika kupitia nozeli juu ya majiko, kwenye makarai ya chipsi na ndani ya bomba la moshi. Wakati huohuo gesi ya kupikia hukatwa.

Kwa mtambo wa aina hii, hakuna umeme unaohitajika ili ufyatuke. Ndiyo sababu unaaminika hata umeme ukikatika. Lakini pia ndiyo sababu ya mkasa wetu, kwa kuwa mtambo haujui moto ni nini. Unachojua ni kwamba waya umelegea.

Sasa mwingize msafishaji. Ni saa saba usiku, jiko limefungwa, na kifungua kinywa kinaanza saa kumi na mbili. Kijana amepanda juu ya meza, amefunika majiko kwa nailoni, ana kikwangulio mkononi na taa kichwani. Filta zimejaa mafuta na ni nzito, na akiichomoa moja kwa nguvu, kona yake inanasa waya. Au kikwangulio kinateleza na kugonga kiungo kilichochoka. Au mpira wa maji, ukiburutwa sakafuni, unazunguka mpini wa kuvuta kwa mkono ulio ukutani karibu na mlango, ule uliowekwa ili mpishi auvute anapokimbia. Pampu za maji moto ya presha nazo zina hatari yake: kiungo cha nyuzi 74 hakitofautishi maji yanayokaribia kuchemka na mafuta yanayowaka. Dawa za kukata mafuta zenye kostiki soda hazifyatui mtambo mara moja, ila zikirashiwa kiungo kila baada ya miezi mitatu hukila taratibu, na siku kinapoachana hakuna anayekumbuka aliyekirashia.

Chupa ya gesi ikishatobolewa, hakuna swichi ya kurudisha nyuma. Matangi yanayoonekana sana majikoni hubeba lita 5.7 au 11.4, na yote humwagika.

Dawa hiyo si maji ya sabuni, ingawa kazi yake ni kutengeneza sabuni. Ni mchanganyiko wa chumvi za potasiamu wenye asili ya alikali. Ukikutana na mafuta ya moto, sehemu ya juu ya mafuta hayo hugeuka povu zito la sabuni linaloyafunika na kuyanyima hewa, huku maji yaliyomo yakiyapoza. Zamani ilitumika dawa ya unga. Ilifaa kwa shahamu za wanyama, lakini majiko yalipohamia mafuta ya mimea, na makarai ya kukaangia yakatengenezwa yashike joto muda mrefu zaidi, moto ulizimwa kisha ukawaka tena. Mafuta ya mimea hujiwasha yenyewe kwenye nyuzi 360 hivi, na yasipopozwa vya kutosha huendelea kujiwasha. Maabara ya Underwriters Laboratories ya Marekani ilibadilisha masharti ya majaribio kwa kiwango cha UL 300, kilichoanza kutumika Novemba 1994, na tangu hapo dawa ya maji ndiyo imetawala. Hoteli nyingi kubwa za Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar hutumia mitambo ya ukoo huo.

Alikali hiyo ikiachwa hula chuma, hasa alumini, na hata bati la pua hupata madoa. Kwa hiyo mtambo ukifyatuka, zima umeme wa vifaa vilivyolowa, vaa glavu na miwani, tupa chakula chochote kilichokuwa wazi, mwaga mafuta ya makarai yakishapoa, kisha suuza kila kitu kwa maji mengi siku hiyohiyo. Fundi wa mtambo asafishe mabomba kwa ndani, la sivyo mabaki yatakauka na kuziba nozeli, kisha ajaze dawa, afunge chupa mpya ya gesi na viungo vipya. Mpaka amalize, jiko lisipike. Hasara ni ya kweli, na meneja ana haki ya kukasirika.

Hasira yake, hata hivyo, huzaa jambo baya kuliko hasara. Msafishaji aliyewahi kukatwa malipo kwa kufyatua mtambo hujifunza kutia pini. Kisanduku kina tundu la pini ya kufungia springi, iliyokusudiwa fundi anayekarabati. Pini ikiwa ndani, hata ukikata waya hakuna kinachotokea. Kijana anasafisha kwa amani, alfajiri inamkuta amechoka, anarudisha filta, anakunja nailoni, anaondoka. Pini inabaki. Hoteli inapika wiki, pengine miezi, chini ya mtambo uliolala. Wengine hufyatua, wanapangusa harakaharaka na kunyamaza. Katika mitambo inayotegemea chupa ya gesi pembeni, tangi la dawa halina presha ya kudumu, hivyo mara nyingi halina hata geji ya kumuumbua mtu.

Kati ya mtambo kufyatuka na pini kusahaulika, mimi nachagua kufyatuka, maana kusipofichwa angalau kila mtu anaona.

Kiwango cha NFPA 96 cha Marekani, kinachofuatwa au kuigwa katika nchi nyingi, kimelitazama suala hili kwa makini. Kinakataza dawa za kusafishia kupakwa kwenye viungo, na kinaruhusu mtambo kulazwa wakati wa usafi iwapo tu kazi hiyo inafanywa na mtu aliyefunzwa na mwenye sifa. Kuacha kusafisha si suluhisho: mwaka 2007 wazimamoto wawili walikufa Boston katika moto wa mgahawa uliotokana na mafuta yaliyojikusanya kwenye bomba la moshi.

Tatizo, kwa maoni yangu, liko kwenye kalenda ya meneja kuliko mikono ya msafishaji. Kiwango hicho hutaka majiko yenye kazi nyingi yakaguliwe na kusafishwa kila miezi mitatu, na mtambo ukaguliwe kila miezi sita. Wanakuja watu wawili wa kampuni mbili, siku mbili tofauti, hawajuani hata kwa sura. Fundi akitangulia, anafunga viungo vipya ambavyo wiki inayofuata vinarashiwa kostiki. Waite usiku mmoja. Fundi alaze mtambo, wasafishaji wamalize, kisha afunge viungo vipya kwenye hudi iliyokauka na aurudishe mtambo kazini. Kwa ule usafi wa katikati ya miezi sita, mlipe fundi saa moja ya kuja kuulaza mtambo na saa moja ya kurudi kuutega. Ni nafuu kuliko tangi moja la dawa.

Kabla ya kusaini risiti ya yeyote kati yao, mwambie akuonyeshe pini mkononi mwake, na alama ya kisanduku ikionyesha kuwa mtambo umetegwa. Toleo lijalo tutapanda juu ya paa, kwenye feni.