Chai iliyofichwa

Juma lililopita katibu wetu wa parokia aliimwagia kompyuta mpakato ya ofisi chai ya maziwa. Aliifuta juu juu kwa kitambaa, akaendelea kuandika, akanyamaza. Kesho yake haikuwaka.

Fundi aliifungua, akatueleza: kama ingezimwa palepale, ikachomolewa kwenye umeme, ikapinduliwa ili chai ichuruzike, na isiwashwe tena hadi isafishwe ndani, huenda ingepona. Umeme ukikutana na unyevu huunguza. Sukari nayo hugandia ndani na kuharibu polepole.

Nikamuuliza katibu, “Mbona hukusema?” Akajibu kwa sauti ya chini, “Baba, niliogopa utafoka.”

Jibu hilo lilinichoma. Katika Zaburi ya 32 Daudi anakiri kwamba aliponyamazia dhambi yake alidhoofika; alipoiungama, alisamehewa. Lakini nani ataungama kwa mtu mkali? Baba wa mwana mpotevu alimkimbilia mwanawe kabla hajasema neno.

Basi, mwenye kosa na aseme mapema. Nasi tunaoogopwa nyumbani na kazini, tumwombe Mungu moyo wa baba yule. Mimi nimeanza kwa kumwomba katibu radhi.